Kona ya Kushoto

Jumamosi, tarehe kumi na nne mwezi wa sita. Manyunyu yalianza kabla hakujapambazuka, yale ya kimyakimya yanayomlowesha mtu bila mwenyewe kujua, na hadi saa mbili asubuhi wingu lilikuwa limekaa juu ya mabati ya kiwanda cha mashati kama mgeni asiye na nia ya kuondoka.

Nyuma ya kiwanda, kwenye uwanja wa mpira wa kikapu, wanawake watano pamoja na kocha wao walikuwa wamepiga magoti wakikausha saruji kwa mabaki ya vitambaa kutoka chumba cha kukatia. Wakikausha upande huu, upande ule unalowa.

"Tangu niajiriwe hapa sijawahi kupiga deki uwanja mzima kwa kitambaa cha kola," alisema yule mrefu waliyemwita Twiga. "Bosi akituona atasema tupige pasi pia."

Wakacheka. Kocha hakucheka. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, mtunza stoo wa kiwanda kwa siku za kazi na mwalimu wa timu kwa zilizobaki. Ndani ya koti lake, ubavuni, alikuwa amelibana daftari la mraba, na ndani ya daftari mlikuwa na jambo ambalo ilimpasa kumwambia mdogo wake kabla ya filimbi ya saa nne. Alikuwa ameamka saa kumi na moja akaomba: Mungu wangu, nipe kinywa. Sasa saa mbili ilikuwa imepita, na kinywa chake kilikuwa kimesema mambo yote isipokuwa hilo.

Mdogo wake alikaa kwenye benchi akifunga kamba za viatu. Huyo ndiye Rada. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye kitambulisho. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Kiwandani alikunja mashati, uwanjani alikuwa kila kitu. Watu walisema ana macho kisogoni. Alikuwa akimtazama refa usoni kama anayetaka kumuuliza habari za nyumbani, mpira ukamtoka mkononi ukaenda kona ambayo hakuigeuzia hata kidevu, na huko ukamkuta mwenzake. Mara nyingi aliyeupokea alishtuka kuliko adui.

Kabla Rada hajakabidhiwa kazi ya kupanga mchezo, timu ilikuwa na sheria moja aliyoitunga Kocha mwenyewe: mikono mitano. Mpira upite kwa wote watano kabla mtu hajarusha. Walikuwa timu ya kawaida, wanashinda moja wanafungwa mbili, lakini mpira ulizunguka kama sahani kwenye nyumba ya watu wengi, kila mmoja akipata chake. Kocha alichora uwanja kwenye daftari, na kila pasi aliitilia kijiti cha penseli mahali ilipofika: kushoto, katikati, kulia. Mechi moja ilikuwa na vijiti mia tatu na zaidi.

Rada alipoanza kupanga, vijiti vikashuka hadi mia na thelathini, na ushindi ukapanda. Nani ahangaike na mikono mitano wakati miwili inatosha? Wenzake walijifunza kitu kimoja tu: kimbia mahali pako, fungua mikono, subiri. Na mpira ulikuja, kila mara, laini kama umewekwa na mama. Misimu mitatu walisubiri mikono wazi, hata ile mikono ikasahau kwamba nayo zamani ilijua kutoa. Kocha aliliona hilo. Alisema moyoni kwamba atalishughulikia msimu ukiisha. Misimu ikaisha, na mingine ikaanza.

Lakini hilo halikuwa jambo lililombana ubavuni. Lilikuwepo jingine, la mwezi wa tatu.

Siku hiyo, baada ya mechi waliyoshinda kwa tabu, alimjia Mama Pacha, mshona vifungo, mchezaji wa kona ya kushoto, mwanamke ambaye akikasirika huongea polepole.

"Kocha, mdogo wako ana roho ya korosho."

"Kakufanya nini?"

"Hajanifanya kitu, na ndiyo shida yenyewe. Mechi nzima nimepata pasi nne. Nimesimama kona ile mpaka nimeota mizizi. Kama ni lile neno baya nililomwambia siku ya zamu, si nilishaomba radhi mbele ya watu?"

"Labda walikukaba."

"Nani anikabe, Kocha? Walishajua sipewi. Yule dada wa upande wao alikuwa anajitengeneza nywele."

Jioni ile Kocha alilifungua daftari, akahesabu vijiti vya kona ya kushoto tangu mwezi wa kwanza. Ishirini na viwili. Kumi na tisa. Kumi na tano. Tisa. Vinne. Kidole chake kilisimama pale kwenye vinne, kwa sababu alikuwa mtu wa stoo na alijua vitu vinavyopungua. Mtu akikununia hukukatia siku moja, jana ulipewa na leo hupewi. Hapa hakuna kilichokatika. Kilikuwa kimefifia, mechi baada ya mechi, kama maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Alimwita Rada jikoni. "Mbona siku hizi huchezi kushoto?"

"Nacheza, dada."

"Daftari linasema huchezi."

"Daftari lako limechoka. Lipe likizo." Akacheka, akatoka, bega lake la kushoto likagonga mwimo wa mlango.

Kocha aliliona bega. Aliuona mwimo. Na Jumamosi iliyofuata kulikuwa na mechi. Basi akafanya lile alilojua kufanya: akamhamisha Mama Pacha kulia, na kona ya kushoto akaiacha tupu kabisa, timu nzima akaiegemeza upande mmoja. Wapinzani wakachanganyikiwa. Mama Pacha akafunga pointi kumi na nane, akaacha kununa. Walishinda mechi tano mfululizo, na kila baada ya mechi Kocha alipiga magoti kando ya kitanda akashukuru. Alikuwa ameomba ushindi, akapewa ushindi. Macho hakuyaombea.

Aliyeyasema ni mama yao, na mama yao alikuwa haoni kwa mwaka wa nane. Alikuwa na kigoda chake karibu na mlango, na miguu ya watoto wake aliijua kama wengine wanavyojua sura.

"Mwanangu," alimwambia Kocha Jumapili iliyopita, "mwenzako amekigonga tena kigoda."

"Haraka zake tu, mama."

"Haraka haichagui upande. Wiki hii nimekihamisha mara sita. Kikiwa kulia kwake anakipita. Kikiwa kushoto anakigonga." Akaweka mikono juu ya mapaja. "Mimi nilianza hivyohivyo. Nanyi mkasema nina haraka. Halafu wewe ukawa unaniambia itakuwa sawa. Miaka miwili, kila asubuhi, itakuwa sawa mama, mpaka siku niliyokuuliza mbona leo hakukuchi."

Alhamisi walikaa mbele ya daktari wa macho, mwanamume mpole mwenye sauti ya mtu aliyeyasema maneno yaleyale mara nyingi. Alimtia Rada dawa, akamwangalia kwa mashine, akamwambia abonyeze kitufe kila aonapo taa. Taa nyingi ziliwaka bila kitufe kubonyezwa. Rada alikaa ametulia kabisa, akidhani bado hazijaanza.

"Ni presha ya jicho," alisema daktari. "Inatembea kwenye ukoo. Jicho la kushoto limebakiwa na kitundu cha katikati. La kulia limeshaanza, na aina hii inakwenda mbio. Kilichokwenda hakirudi. Kilichobaki nitawapa matone, tujaribu kukichelewesha, ila sitawaahidi kitu." Kisha akauliza, kalamu mkononi, "Lilianza lini?"

"Sijui," alisema Rada. "Sikuona kitu kubadilika. Nilidhani ni uchovu."

"Mngekuja hata mwezi wa tatu, la kulia tungelikuta zima. Basi. Wengi hawajui."

Daftari lilikuwa kwenye mkoba, juu ya mapaja ya Kocha, na lilikuwa na tarehe. Kocha aliushika mkoba kwa mikono miwili, hakuufungua. Kwenye ngazi za hospitali alimshika mdogo wake mkono na maneno yakamtoka yenyewe, kama kikohozi: "Itakuwa sawa."

Sasa ilikuwa Jumamosi. Meneja alikuwa ametangaza kwamba timu isiposhinda leo, ruhusa ya mazoezi imekwisha na uwanja utakuwa wa kuegesha malori. Wapinzani walikuwa timu ya posta, wanawake wa kawaida tu, wanaoshinda moja na kufungwa mbili.

"Dada," alisema Rada kutoka kwenye benchi, bila kugeuka, maana Kocha alikuwa amesimama kushoto kwake, upande asiouona. "Upo hapo?"

"Nipo."

"Nipange leo. Najua ni ya mwisho."

"Daktari alisema kiwiko kimoja kikikupata jichoni, basi."

"Basi ya nini? Ya kitundu?"

Hapo ndipo Kocha angesema. Badala yake akasema, "Nimewaambia wenzako unaumwa. Utakaa benchi," akaondoka kwenda kuzungumza na refa kuhusu saruji iliyolowa.

Filimbi ikalia. Kwa dakika kumi za kwanza mtu angeona kichekesho, kama si kwamba ilikuwa timu yake. Twiga aliupata mpira, akakimbia mahali pake, akasimama. Wenzake nao walikuwa mahali pao, mikono wazi. Wote watano walisimama mikono wazi, na mpira ulikuwa kwa mmoja wao.

"Toa," alipiga kelele Kocha. "Zungusheni. Mikono mitano."

Walijaribu. Pasi zilikwenda magotini, zilikwenda nyuma ya mtu, zilimfikia aliyekuwa ameshageuka. Mama Pacha alitoa moja nzuri, yenye nguvu, ikampata msichana wa posta kifuani kama zawadi. Baada ya kila kosa walitazama benchi, wote kwa pamoja, kama watoto waliovunja glasi. Kocha aliitia kila pasi kijiti. Ishirini na sita kwa nusu nzima. Posta ishirini na nane, wao kumi na tatu.

Mwanzoni mwa robo ya mwisho Rada alisimama mwenyewe, akavua koti. Kocha alimtazama. Angeweza kusema hapana. Aliwatazama wale watano uwanjani, akaitazama saa, akamtoa mmoja, akampisha mdogo wake. Hilo nalo alijua baadaye kwamba lilikuwa kosa lake.

Rada alimwendea Mama Pacha, akamshika mkono. "Rudi kona ya kushoto."

"Huko si hunipi?"

"Nikishika mpira, niite. Usinyamaze hata kidogo."

"Wewe una nini?"

"Niite tu, shoga yangu. Kwa jina, kwa tusi, kwa chochote."

Mpira ulipomfikia Rada, watu mia mbili wa kiwanda waliokuwa wamejikunyata chini ya mabati walinyamaza. Mama Pacha, kule kona, alianza kuita kama mtu anayeuza kitu. "Nipo huku. Huku, roho ya korosho. Huku." Rada alikuwa anamtazama refa usoni. Mkono ukajigeuza, mpira ukakata hewa upande ambao hakuna taa tena, ukaenda kwenye sauti. Mama Pacha aliudaka, akarusha, ukaingia bila kugusa chuma.

Uwanja ukalipuka. Watu walirukaruka, wakapiga mabati kwa viganja, wakaimba jina la Rada. Na kelele ile ndiyo iliyommaliza. Mpira uliofuata Mama Pacha aliita, akaita mpaka mishipa ya shingo ikasimama, lakini sauti yake ilikuwa imezama kwenye furaha ya watu. Rada aliinamisha kichwa kidogo, akisikiliza. Akatoa pasi. Ilikwenda moja kwa moja nje, kwenye nafasi tupu kati ya nguzo na ukuta, mahali ambapo hata mwendawazimu asingemwona mtu. Watu wakacheka kwanza, wakidhani ni utani wake. Kisha ikaja ya pili, vilevile. Kicheko kikaisha.

Ya tatu hakuitoa. Msichana wa posta alimjia kutoka kushoto, wala si kwa ubaya, akikimbia kama kila mtu akimbiavyo, na Rada hakumkwepa kwa sababu kwake hakukuwa na mtu. Alianguka kwenye saruji yenye maji. Alipoketi, mikono yake ilipapasa chini ikitafuta mpira uliokuwa hatua moja tu kando yake. Mama Pacha alikuwa wa kwanza kufika. Aliona ile mikono ikipapasa. Akajiziba mdomo.

Hamsini na moja kwa ishirini na nane.

Walibadilishia nguo kwenye stoo ya Kocha, kati ya majora ya kitambaa cheupe na cha buluu. Hakuna aliyewasha taa kubwa. Meneja alipitisha kichwa mlangoni, akaona nyuso, akakirudisha. Nje lori lilikuwa tayari linarudi nyuma polepole, likilia, kuelekea uwanjani kukwepa matope ya barabara.

Rada aliongea akiwa amekaa juu ya jora, taulo shingoni. "Mama Pacha, nisamehe. Haikuwa roho mbaya. Jicho hili limekufa, na hili linafuata. Nimeambiwa juzi." Akatafuta maneno. "Ningejua mapema ningekwambia. Hakuna aliyejua. Msimlaumu mtu."

Twiga alianza kulia, kwikwi za mtu mrefu anayejaribu kulia kidogo. Mama Pacha alisema polepole, "Na mimi nilikwenda kukusema kwa dada yako."

"Ulisema kweli. Ulikuwa hupewi."

Kocha alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa ameomba kinywa tangu alfajiri, na pengine hivi ndivyo kilivyokuja, kwa kusikia mdogo wake akimfunika kwa nguo ambayo hakustahili. Akalitoa daftari kwenye koti. Jalada lilikuwa limelowa jasho.

"Mimi nilijua," alisema.

Rada alimgeuzia uso.

"Sikujua ni jicho. Lakini niliona. Mwezi wa tatu, tarehe ishirini na mbili. Niliona kushoto kunafifia, nikaona na bega lako likigonga mwimo. Na mama alikuwa mle ndani, na mama nilimwona akienda hivyohivyo. Nilitaka mechi ya Jumamosi."

"Nisomee," alisema Rada.

"Nini?"

"Vijiti. Nisomee."

Kocha akasoma. Ishirini na viwili. Kumi na tisa. Kumi na tano. Tisa. Vinne. Baada ya vinne alifungua ukurasa, na mwingine, na mwingine, mechi tano za ushindi, na kila mmoja kona ya kushoto ilikuwa karatasi nyeupe. "Hamna," alisoma. "Hamna. Hamna. Hamna. Hamna."

"Kwa hiyo ulipoiacha kona tupu," alisema Rada, "hukutaka nicheze vizuri. Ulitaka nisionekane kwamba sioni."

"Nilitaka tushinde."

"Tulishinda." Alisema bila hasira, na hiyo ilimwuma Kocha kuliko kofi. "Na daktari alipouliza lilianza lini?"

"Daftari lilikuwa mkobani."

Lori nje likazima injini. Mama Pacha alikuja akaketi juu ya jora, upande wa kushoto wa Rada, na kabla ya kumgusa akasema, "Ni mimi," ili asimshtue. Kisha akamgeukia Kocha. Hakumwita Kocha.

"Dada mkubwa, sema neno basi. Usisimame hapo kama nguzo."

Kocha alimpigia magoti mdogo wake pale sakafuni, kwenye vipande vya uzi, kama alivyopiga magoti asubuhi kukausha uwanja ambao haukukauka. Alifungua mdomo na akayahisi yale maneno yake mawili yakija, ya miaka yote, ya mama na ya ngazi za hospitali. Rada aliyahisi pia. Aliinua mkono.

"Usiseme hilo."

"Sisemi."

"Mimi sitaki dawa ya moyo, dada. Mama ulimdanganya mpaka giza likamkuta peke yake. Mimi nikiwa naingia, nataka kujua nimefika wapi. Kila wiki. Utakihamisha kile kigoda kama mama, utahesabu nilivyokigonga, utaniambia. Hata ikiwa hamna. Hasa ikiwa hamna. Na useme mbele ya hawa, maana nyumbani tukiwa wawili utanionea huruma."

Wanawake watano walikuwa wamesogea. Twiga alikuwa ameacha kulia. Kocha aliweka kiganja juu ya daftari, kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kuapia.

"Mbele ya Mungu," alisema, na sauti yake ilisikika mpaka kwenye majora ya nyuma, "na mbele yako Mama Pacha, na wewe Twiga, na ninyi watatu: nitakuhesabia mpaka mwisho. Nitakachokiona nitakuambia siku hiyohiyo. Na sitakuambia tena kwamba itakuwa sawa."